Sauna, masaji na maji ya moto: mtu anapashwa kuvaa nini?

Katika miji mikubwa ya mashariki ya Kongo, kama vile Goma, Bukavu na Bunia, fasi za sauna na masaji haziko tena kitu cha wageni peke yao. Wafanyakazi wenye kuumwa mgongo, wanamichezo, wachumba wenye kujitayarisha kwa ndoa, hata wagonjwa wenye kutumwa na munganga ili wakandwe, wote wanaingia. Lakini kuna ulizo moja ambalo wengi wanaona haya kuuliza pale mlangoni: mtu avae nini?

Wengine wanaogopa kwamba wataambiwa wavue yote. Wengine wanafika na jinzi na viatu vya kufunga, bila taulo, wanaishia kuazima nguo ya mtu mwengine. Na hiyo haiko aibu tu. Nguo mbaya kwenye joto kali inaweza kuongeza moto mwilini. Taulo ya kuazima inaweza kuleta ugonjwa wa ngozi. Na mtu mwenye hajui haki yake kwenye meza ya masaji anaweza kukubali kitu ambacho hakutaka. Haya hapa ni maelezo ya kila aina ya fasi, na nguo yenye kufaa.

Neno "spa" linatoka wapi

Spa ni mji mdogo wa Ubelgiji, katika jimbo la Liège, kwenye vilima vya Ardennes. Chemchemi zake za maji yenye madini zilijulikana tangu zamani sana, na watu wa Ulaya walikuwa wakienda kule kuyanywa na kuyaoga kusudi wapate afya. Mwishowe jina la mji likageuka neno la kawaida kwa kila fasi ya kuoga, kukandwa na kupumzisha mwili. Katika 2021, UNESCO iliandika Spa pamoja na miji mingine 10 ya Ulaya kwenye orodha ya urizi wa dunia. Wamoja wanasema kwamba "spa" ni kifupi cha maneno ya Kilatini juu ya afya na maji, lakini maelezo hayo yalitungwa kisha. Jina la mji ndilo lilitangulia.

Huku kwetu watu wanasema zaidi "sauna" ao "masaji". Na kazi yenyewe haiko mpya. Kukanda mama mwenye kutoka kuzaa kwa maji ya moto, kujifukiza na majani chini ya blanketi, kwenda kuoga kwenye maji ya moto yenye kutoka ndani ya udongo: mambo hayo wazee walikuwa wanayafanya mbele ya sauna ya kwanza kufunguliwa mjini.

Mfuko wa kutayarisha nyumbani

Mtu mwenye kubeba vitu hivi hatapata shida fasi yoyote:

- Taulo mbili: moja ya kukalia ao kulalia, ingine ya kujipanguza.
- Kikwembe kimoja cha pamba, chenye kufuliwa mara nyingi na kisichotoa rangi.
- Kambambili za mpira zenye kushika chini vizuri.
- Nguo ya kuogelea, kama kuna pisini.
- Nguo ya ndani safi ya kubadilisha kisha kutoka.
- Chupa ya maji ya kunywa.
- Mfuko wa kitambaa wa kutia nguo zenye maji. Mwenye kuvuka mpaka kwenda Rubavu asitumainie sashe ya plastiki: Rwanda ilikataza mifuko ya plastiki tangu 2008.

Vitu vya kuacha nyumbani ao kwenye kabati lenye kufuli: cheni, pete, bangili, saa, lenti za macho, pesa nyingi. Simu pia haina kazi ndani. Joto na mvuke vinaiharibu, lakini zaidi ya hiyo, simu ni kamera, na fasi ambapo watu wako nusu uchi haipatane na kamera. Mteja mwenye kuona mwengine ameshika simu katika chumba cha kubadilishia nguo ana haki ya kuomba aifiche, na mwenye nyumba anapashwa kumuunga mkono.

Sauna: pamba, ao karibu bila kitu

Sauna ya kweli ni chumba cha mbao chenye joto kavu, kwa kawaida kati ya degre 70 na 100. Maji ya degre 100 yangechubua mtu mara moja, lakini hewa kavu ya degre hizo mwili unaweza kuivumilia kwa dakika chache, juu hewa haipitishe joto haraka sawa maji, na juu jasho linakauka kwenye ngozi na kuipoza. Hapo ndipo nguo inakuwa na maana. Nguo yenye kuzuia jasho kukauka inazuia mwili kujipoza.

Kwa hiyo nailoni, polyesteri na nguo za kubana hazifai. Zinashika joto, zinashikamana na ngozi, na jasho linabaki ndani. Pamba ndiyo nzuri: taulo ya kufunga kiunoni kwa mwanaume, kikwembe ao taulo ya kufunga juu ya kifua kwa mwanamke. Sutiye yenye waya wa chuma iachwe nje, na vilevile nguo ya kuogelea yenye vifungo vya chuma, juu chuma kinapata moto haraka na kinaweza kuunguza ngozi. Sababu ni ileile kwa cheni na pete.

Taulo ya pili inatandikwa kwenye benchi. Hakuna kukaa na mwili mtupu juu ya mbao, hata kwa mtu mwenye kuvaa kiloti. Taulo inazuia mbao kuunguza mapaja na inazuia jasho la mmoja kugusa ngozi ya mwengine. Kambambili zinabaki kwenye mlango wa sauna, kisha zinavaliwa tena kwa kwenda kwenye dushi.

Wenye rasta ao nywele za kuongeza wazifunge na kitambaa cha pamba chenye kuloweshwa kidogo. Mesh inashika joto na jasho, na kichwa ndicho kinakaa juu, pale hewa ina moto zaidi.

Katika Ufini, nchi yenye sauna karibu milioni 3 kwa watu wanaopita kidogo milioni 5, watu wanaingia uchi, wanaume upande wao na wanawake upande wao, ao familia moja pamoja. Nguo ya kuogelea mara nyingi inakatazwa kule, kwa sababu ya usafi na kwa sababu ya dawa ya klori yenye kubaki ndani ya kitambaa. Katika Ujerumani, sauna nyingi zinachanganya wanaume na wanawake, wote uchi, kila mmoja juu ya taulo yake. Mkongomani mwenye kufika kule asishangae. Lakini desturi ya kule haiko amri ya huku. Katika sauna za miji yetu, kujifunika ndiyo kawaida, na mtu mwenye kuulizwa avue yote mbele ya watu asiowajua anaweza kukataa bila kuomba samahani.

Onyo juu ya "kupunguza kilo"

Kuna watu wenye kuvaa mifuko ya plastiki, makoti ya mvua ao nguo za mpira ndani ya sauna, wakitafuta kupunguza tumbo. Ni hatari kubwa. Kilo zenye kupotea ni maji. Zinarudi kisha kunywa. Mafuta ya tumbo yanabaki pale yalikuwa. Plastiki inafungia jasho, mwili unashindwa kujipoza, damu inakuwa nzito, moyo unachoka. Mwishoni mwa 1997, katika Marekani, wanafunzi 3 wa mchezo wa mieleka walikufa wakijaribu kupunguza kilo kwa kufanya mazoezi na nguo za kufungia jasho katika fasi za joto. Mwaka uliofuata nguo hizo zilikatazwa katika mchezo huo kwenye vyuo vikuu. Walikuwa vijana wenye nguvu, hawakuwa wagonjwa.

Hamamu na chumba cha mvuke

Hamamu inajulikana sana katika Uturuki na Moroko. Joto lake ni dogo kuliko la sauna, mara nyingi degre 40 mpaka 50, lakini hewa imejaa mvuke. Jasho halikauke, kwa hiyo mtu anachoka haraka hata kama kipimo cha joto kinaonekana kidogo.

Waturuki wanajifunga kitambaa chepesi cha pamba chenye kuitwa peshtemali, ambacho mwanamke wa Kongo atakiona kama ndugu ya kikwembe. Katika hamamu nyingi za Moroko, watu wanabaki na kiloti ao slipu, na wanawake na wanaume wanaingia kwa saa ao vyumba tofauti. Huku, kikwembe chepesi kinatosha. Kitenge kipya chenye rangi kali kisivaliwe, juu mvuke unatoa rangi na kuichafua ngozi na benchi.

Glavu ya kusugulia ngozi inapashwa kuwa ya mtu mmoja. Glavu yenye kupita kwa wateja watano inakwangua ngozi ya kila mmoja na kubeba uchafu wa wote. Wenye kutumia pomade za kugeuza ngozi kuwa nyeupe wawe waangalifu zaidi: pomade zenye kortikoidi zinafanya ngozi iwe nyembamba, na ngozi nyembamba inachubuka na kuungua upesi. Ni vizuri kumwambia mfanyakazi mbele hajaanza kusugua.

Pisini na jakuzi: hapa pamba haifai

Kwenye maji sheria inageuka. Tisheti ya pamba, kaptula ya jinzi ao kikwembe vinakunywa maji, vinakuwa vizito na vinaweza kumvuta mtu mwenye hajui kuogelea vizuri. Kikwembe kinaweza kufunguka na kufunga miguu ndani ya maji. Pamba pia inaacha nyuzi na uchafu ambao unamaliza nguvu ya dawa ya klori. Nguo ya kuogelea ya nailoni ao likra ndiyo inafaa, haijalishi ni fupi ao ndefu.

Mwanamke mwenye kutaka kujifunika hapaswi kuona kwamba pisini haimuhusu. Kuna nguo za mikono mirefu na suruali zenye kushonwa na kitambaa cha kuogelea. Vazi la namna hiyo lenye kuitwa burkini lilitungwa katika Australia mwaka wa 2004 kwa ajili ya wanawake Waislamu, na leo linavaliwa pia na watu wengine wenye kutaka kujikinga na jua. Kosa ni kuingia na nguo ndefu ya kawaida. Shida haiko urefu wake, ni uzito wake ndani ya maji.

Mbele ya kuingia, kila mtu anapita kwenye dushi na sabuni. Mafuta ya mwili, pafe na jasho vinachafua maji ya wote. Maji ya jakuzi hayapashwi kupita degre 40. Mwanamke mwenye kuwa katika siku zake asiingie na kotekisi: inajaza maji na haizuii kitu. Kama hana tampo ao kikombe cha hedhi, ni vizuri achague siku ingine ya pisini. Masaji ya mgongo ao ya miguu haina shida.

Masaji: mteja ndiye anaamua

Hapa ndipo woga unakuwa mwingi, na kuna sababu. Mteja analala chini, nusu uchi, mbele ya mtu asiyemjua. Kwa hiyo ni vizuri kujua ginsi kazi nzuri inafanywa.

Kwanza, mfanyakazi anaeleza atagusa wapi na kuuliza kama kuna maumivu, kidonda ao mimba. Kisha anatoka nje ya chumba, ao anageuka, wakati mteja anavua na kulala chini ya taulo. Mteja anabaki na kiloti ao slipu yake. Hakuna masaji ya mgongo yenye kuomba aivue. Fasi zingine zinatoa kiloti cha karatasi cha kutumia mara moja, juu mafuta yanachafua nguo. Mwanamke anaweza kuacha sutiye nyuma kwa masaji ya mgongo, ao kuibakisha na kuifungua tu akilala juu ya tumbo.

Wakati wa kazi, taulo inafunika mwili wote isipokuwa sehemu yenye kukandwa. Mkono ukimalizika, unafunikwa, mguu unafunuliwa. Matiti na sehemu za siri hazihusike. Mteja anaweza kuomba mfanyakazi wa kike ao wa kiume, kuomba mlango usifungwe na ufunguo, kuja na ndugu, kusema "inatosha" katikati ya kazi. Mtoto hakandwe bila mzazi kuwa ndani.

Na mtu mwenye hataki kuvua nguo hata moja? Anaweza kukandwa hivyohivyo. Masaji ya Kitailandi, ambayo UNESCO iliiandika mwaka wa 2019 kati ya mila za kulindwa, inafanywa na nguo zote: suruali pana, tisheti nyepesi, bila mafuta, kwa kusukuma na kunyoosha viungo. Kuna pia masaji ya kichwa, ya mabega kwenye kiti, ya mikono na ya miguu. Katika majimbo yetu, ambako wanawake wengi, na wanaume pia, wamepitia jeuri ya kingono, kuvua nguo mbele ya mgeni kunaweza kurudisha maumivu ya zamani. Mtu kama huyo halazimike kueleza sababu. Maneno haya yanatosha: "Nitabaki na nguo zangu." Mfanyakazi mwenye kujua kazi atapanga ginsi ya kumsaidia.

Desturi hiyo inafaa pia hospitalini, kwa kine ao munganga mwenye kupima mgonjwa. Nguo inavuliwa pale inaomba tu, na mgonjwa anaelezwa sababu.

Ikitokea mteja anashikwa kwa nguvu ao kubakwa, fasi yoyote iwe, aende hospitalini haraka, mbele ya saa 72 kupita, kusudi apewe dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI. Kama anaweza, asifue nguo alizovaa. Azitie katika mfuko wa karatasi ao kitambaa safi na kuzibeba, juu zinaweza kuwa ushuhuda mbele ya sheria.

Maji ya moto yenye kutoka ndani ya udongo

Mashariki ya Kongo iko kwenye Bonde la Ufa. Maji ya mvua yanashuka ndani sana kupitia nyufa za miamba, yanapata moto, kisha yanapanda tena. Ndiyo maana katika teritware ya Rutshuru kuna fasi yenye kuitwa Mayi ya Moto, na katika Katana, teritware ya Kabare, kuna chemchemi za Kankule. Ngambo ya mpaka, wengi wanakwenda Nyamyumba, karibu na Gisenyi, kwenye kivuko cha Ziwa Kivu, ao Bugarama upande wa Rusizi. Katika Uganda, upande wa Bundibugyo, chemchemi za Sempaya zinatoka na maji yenye kuchemka kabisa. Wageni wanapika mayai ndani. Huko hakuna mtu wa kuoga.

Nguvu ya maji hayo haiko mchezo. Kule Kiabukwa, Katanga, katika 1952, maji ya degre 91 yalitumiwa kuendesha mashine ya umeme kwa ajili ya mgodi.

Kwa ngozi ya mtu mzima, maji ya degre 60 yanaunguza vibaya kwa sekunde chache, na ya degre 70 yanaunguza karibu mara moja. Ngozi ya mtoto ni nyembamba, inaungua mbele ya ile ya mkubwa. Kwa hiyo kwenye maji ya moto ya kiasili nguo ya kwanza ni viatu: sandale za mpira zenye kamba nyuma ya kisigino, juu mawe yanateleza na matope yanaweza kuficha shimo la maji makali. Kambambili nyepesi zinatoka mguuni. Mtu asiingie na soksi wala suruali nzito. Maji ya moto yakiingia ndani yake, kitambaa kinayashikilia kwenye ngozi, na moto unaendelea kupika hata kama mguu umekwisha kutoka. Kaptula nyepesi ao nguo ya kuogelea, yenye kuvuka haraka, ni salama zaidi. Mbele ya kuingiza mguu, maji yapimwe pale wenyeji wanaoga, si pale yanatoka chini.

Kuna hatari ingine ambayo nguo haiwezi kuzuia: mazuku. Karibu na Goma na Sake, gazi karbonike inapanda kutoka chini ya udongo na kukusanyika katika mashimo na fasi za chini. Ni nzito kuliko hewa, haionekane, haina harufu ya kuonya. Imeua watu na wanyama. Kitambaa kwenye pua ao maski haisaidie kitu, juu gazi inapita. Mtu mwenye kwenda kuoga asiinamishe mtoto ndani ya shimo, asilale chini kwenye bonde asubuhi mapema ao usiku wakati hakuna upepo, na akiona ndege ao panya wamekufa, apande juu mara moja. Kama mwengine ameanguka ndani ya shimo, kumfuata bila vyombo ni kuongeza maiti. Inaomba kuita musaada na kumvuta kwa kamba ukiwa juu.

Kujifukiza nyumbani

Si kila mtu anaweza kulipa sauna. Wengi wanachemsha majani ya mikalitusi, wanakaa juu ya sufuria na kujifunika blanketi. Hapo pia watu wanaungua: sufuria inapinduka katikati ya miguu, ao blanketi inagusa makaa. Blanketi ya nailoni ikishika moto inayeyuka na kushikamana na ngozi. Inafaa kutumia shuka ao kikwembe cha pamba, kuvaa nguo nyepesi ya pamba yenye kufunika mapaja, na kuweka sufuria mbali na moto, kwenye kitu kisichotikisika. Brazero haiingii chini ya blanketi hata siku moja, juu moshi wa makala una sumu yenye kuua. Mtoto asifukizwe. Na mwenye homa asitegemee majani peke yake: malaria inapimwa kwenye kituo cha afya.

Ngozi yenye ugonjwa

Sauna haiue vijidudu vyote, na taulo yenye maji ni nyumba yao. Upele na mba vinapita kwa kuazimana taulo, nguo na kambambili. Tena kuna mpox. Aina mpya ya virusi hivyo ilijulikana kutoka Kamituga, Kivu ya Kusini, mwishoni mwa 2023, na katika mwezi wa 8 wa 2024 Shirika la Afya Duniani, OMS, lilitangaza hali ya hatari ya kimataifa. Mpox inaambukiza kwa kugusana ngozi, na pia kwa shuka na taulo za mgonjwa. Masaji ni kugusana ngozi kwa muda mrefu.

Kwa hiyo mwenye vipele visivyojulikana, vidonda ao homa abaki nyumbani na kumuona munganga. Mfanyakazi mwenye kuona vipele kwenye ngozi ya mteja anaweza kukataa kazi. Huko si kumdharau mtu. Na mteja ana haki ya kuuliza kama shuka ya meza imebadilishwa. Jibu likikawia, taulo aliyobeba kutoka nyumbani itandikwe juu.

Wenye kupashwa kuuliza munganga kwanza

Mwanamke mwenye mimba, mwenye tansio ya juu ao ugonjwa wa moyo, mwenye kisukari asiyesikia vizuri moto kwenye miguu, mwenye kutoka kupasuliwa: hawa wasiingie sauna, hamamu ao jakuzi bila shauri. Mwenye kunywa pombe asiingie kabisa. Kwa mtu mzima mwenye afya, dakika 10 mpaka 15 zinatosha kwa mara moja, kisha kutoka, kunywa maji na kupumzika. Kichwa kikizunguka ao moyo ukipiga sana, kutoka ni mara hiyohiyo.

Kama mtu ameungua

Nguo yenye maji ya moto ivuliwe haraka, pamoja na pete na cheni, mbele mwili haujavimba. Lakini kitambaa chenye kushikamana na ngozi kisivutwe. Sehemu yenye kuungua iwekwe chini ya maji safi ya baridi ya kawaida, yenye kutiririka, kwa dakika 20. Barafu, dawa ya meno, mayai, mafuta ya kula na udongo havipakwe. Kisha kidonda kifunikwe na kitambaa safi chenye hakitoe nyuzi, na mgonjwa apelekwe kwenye kituo cha afya. Mtoto, ao mtu mwenye kuungua uso, mikono ao sehemu za siri, anapelekwa hata kama kidonda kinaonekana kidogo.

Kwa ufupi

Kwenye sauna na hamamu: pamba, bila chuma, na taulo ya kukalia. Kwenye pisini: nguo ya kuogelea, fupi ao ndefu, lakini nyepesi. Kwenye masaji: kile mteja mwenyewe amekubali kuvua, basi. Kwenye maji ya moto ya kiasili: viatu vyenye kushika mguu, nguo yenye kukauka haraka, na macho kwa mtoto. Mwenye bado na mashaka apige simu kwenye nyumba ile mbele ya kutoka nyumbani na kuuliza maneno matatu: wanaume na wanawake wanachanganyika? Taulo zinatolewa na kufuliwa kila mara? Kuna mfanyakazi wa kike? Nyumba yenye kujibu bila hasira ndiyo inafaa kwendea.